Gumzo la Ukoo: Kushtakiwa kwa Amy Winehouse na Kicheko cha Watu

Mdogo Wetu, Dar: Shikamooni wakubwa wote. Leo ni tarehe 23 Julai, na mitandaoni watu wanakumbuka kifo cha Amy Winehouse, mwimbaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 27. Nimeweka hapo juu video ya tamasha lake la Belgrade, mji mkuu wa Serbia, ile anayoyumba jukwaani na kusahau maneno ya nyimbo zake mwenyewe, pamoja na habari ya zamani ya kushtakiwa kwake kwa kufanya fujo. Wenzangu chuoni wanaicheka sana na kusema alijitakia. Ninyi mnaonaje?

Mjomba, Mombasa: Marahaba, mwanangu. Mimi nimestaafu ukarani wa mahakama, kwa hiyo nitaanza na kosa kabla ya kufika kwenye huruma. Desemba 2009 alikwenda kutazama Cinderella, mchezo wa jukwaani wa kifamilia, katika ukumbi wa Milton Keynes. Alikuwa amekunywa, na meneja wa ukumbi alipoingilia kati alimtukana na kumvuta nywele. Januari 2010 alikiri makosa mawili, shambulio la kawaida na kufanya fujo, na hakimu akamwachia kwa masharti ya miaka 2, akimtaka alipe gharama za paundi 85 na fidia ya paundi 100 kwa meneja. Yule meneja alikuwa kazini kwake, anatafuta riziki kama sisi sote, na nyimbo nzuri za mtu hazimpi ruhusa ya kumvuta mwenzake nywele.

Mama Mkubwa, Tanga: Kaka, kwa hilo sina ubishi nawe hata kidogo. Linaloniumiza ni hicho kicheko. Nilipokuwa muuguzi niliwapokea wengi walioletwa na askari usiku, mmoja akiwa na kiatu mguu mmoja na shati limelowa matapishi, na nyuma yake kundi la watu limemfuata mpaka mlango wa wodi, simu zimeinuliwa juu, wanamwita jina lake ili ageuke wampige picha. Mtu huyo akipata nafuu asubuhi, jambo la kwanza analouliza si dawa. Anauliza nani amemwona. Wengine waliondoka kabla daktari hajapita, kwa aibu, na wala hawakurudi.

Dada, London: Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Miaka ile nilikuwa nikipita Camden, mtaa wa London alikokuwa akiishi Amy, kwenda kazini, na ninakumbuka jinsi magazeti ya bure ya jioni yalivyokuwa yakitapakaa kwenye viti vya treni yakiwa na picha zake, leo miguu peku barabarani, kesho macho yamevimba. Februari 2008 alishinda tuzo 5 za Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani, kwa usiku mmoja. Aprili mwaka huohuo alikwenda mwenyewe kituo cha polisi baada ya kulalamikiwa kwamba amempiga mtu, akakamatwa, akalala mahabusu kwa sababu hakuwa katika hali ya kuhojiwa, kisha akapewa onyo. Fikirini maana yake: polisi, ambao kazi yao si tiba, ndio walioona kwamba huyu hawezi hata kujibu maswali. Sisi wasomaji tuliangalia picha na kufungua ukurasa wa michezo.

Mdogo Wetu, Dar: Nimekuelewa, Dada, lakini wenzangu wana hoja. Wimbo wake uliotwaa Grammy ya rekodi ya mwaka ulihusu kukataa kwenda kutibiwa. Kama mtu anakataa tiba hadharani na anaimba kuikataa, mtazamaji afanyeje?

Dada, London: Wimbo ule ulipigwa kwenye harusi, kwenye baa na kwenye maduka ya nguo, na watu wakauitikia kwa furaha kila anapofika mahali pa kukataa. Kisha haohao walipomwona amelewa wakasema alijitakia. Siwezi kuukubali msimamo huo wa kushangilia ugonjwa ukiwa na muziki na kuulaani ukiwa kimya.

Mama Mkubwa, Tanga: Naomba niongeze jambo la kitabibu, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Uchunguzi wa kifo chake ulikuta miligramu 416 za pombe katika kila mililita 100 za damu, wakati kiwango cha mwisho kwa dereva huko Uingereza ni 80. Dawa za kulevya zilizopigwa marufuku hazikukutwa. Alikuwa ameiacha pombe kwa majuma machache, akairudia siku chache kabla ya kufa. Mwili wa mlevi huzoea, na ukipumzika mazoea yale hupungua, kwa hiyo kiasi alichokihimili jana kinaweza kumzimisha pumzi leo. Na kuacha ghafla bila usimamizi nako kuna hatari yake: mgonjwa hutetemeka, huweweseka, hata kushikwa na degedege. Ndiyo maana ninakasirika ninaposikia mtu akisema kwa wepesi, «si aache tu».

Mjomba, Mombasa: Dada yangu, hayo ya damu sikuyajua, ahsante. Hata hivyo watu wa Belgrade walilipa kiingilio. Je, nao walikosea kuzomea?

Dada, London: Mjomba, walikuwa na haki ya kukasirika na ya kudai fedha zao. Lakini mtu aliyekuwa katika hali ile hakupaswa kupandishwa jukwaani, na lawama hiyo naiweka kwa waliokuwa wakimwona nyuma ya pazia. Ilikuwa tarehe 18 Juni 2011. Ziara yote ya Ulaya ikafutwa, na wiki tano baadaye akafa. Watu walikwenda nyumbani kwake Camden Square kuweka maua na mishumaa, na katikati ya maua wakaacha chupa za vodka na sigara. Waliomwomboleza kwa machozi ya kweli walimpelekea kilichomuua, kwa sababu ndicho walichokuwa wamekizoea kukiona kwenye picha zake.

Mama Mkubwa, Tanga: Mwanangu wa Dar, naomba uiondoe video hiyo. Humu mna watoto, na mna ndugu zetu wenye shida kama hiyo ambao wanasoma kila tunachoandika bila kusema neno.

Mjomba, Mombasa: Naunga mkono. Video ifutwe, ila hukumu ibaki, kwa kuwa ni kumbukumbu ya umma na aliyevutwa nywele naye ana haki ya kukumbukwa.

Dada, London: Habari hiyo ina kichwa cha kejeli na picha yake akiwa amelewa. Kama hukumu inabaki, basi ibaki peke yake.

Mdogo Wetu, Dar: Nimefuta video na habari yote. Maelezo ya Mjomba kuhusu hukumu na ya Mama Mkubwa kuhusu pombe ninayapeleka sasa hivi kwenye kikundi cha chuoni, bila picha yoyote.