Raia wa kawaida anaweza kweli kutatua kesi ya mauaji?

BintiTanga: Habari zenu wadau. Mi napenda sana hadithi za upelelezi, zile za kimji kimetulia mtu anauawa, polisi wanakwama halafu raia tu ndo anafumbua fumbo. Kwenye maisha ya kweli imeshatokea? Maana naona huku kwetu ukianza kuulizauliza habari za maiti unaweza kuwekwa ndani wewe.

Mzee wa Kahawa: Imetokea dada, tafuta kesi ya "Tent Girl" ya Georgetown, Kentucky, Marekani. 1968 mchimba visima alikuta mwili wa mwanamke umeviringishwa kwenye turubai kando ya barabara, polisi wakahangaika jina wasipate, akazikwa hapohapo na kwenye jiwe la kaburi wakachora sura yake. Sasa kuna jamaa Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani tu huko Tennessee, akaja kumuoa binti wa yule mchimba visima, akasimuliwa habari yenyewe basi ikamganda. Akawa anapekua matangazo ya watu waliopotea kwenye intaneti usiku usiku, mpaka 1998 akakuta tangazo la mwanamke anamtafuta dada yake aliyeonekana mara ya mwisho Lexington, na Lexington na Georgetown ni pua na mdomo. Kaburi likafukuliwa wakapima DNA, ndiye. Barbara Ann Hackmann Taylor.

BintiTanga: Ya Rabi, miaka 30 mtu kalala bila jina! Polisi walishindwaje? Na muuaji je?

Neema_K: Umri ndo uliwapoteza, walimkadiria miaka 16 mpaka 19 kumbe alikuwa 24, tena mama wa watoto, na hakuna aliyekuwa ameripoti kwamba kapotea. Mumewe aliwaambia ndugu mke katoroka na mwanaume mwingine. Mashaka yakamwangukia huyo mume lakini alishakufa 1987 kwa hiyo hakuna aliyesimama kizimbani, na hilo linaniuma mno.

Mzee wa Kahawa: Inauma kweli, ila ona Matthews hakumfukuza muuaji wala hakwenda kugonga milango ya watu, yeye alitafuta jina la marehemu, alipolipata ushahidi wa mwisho ukatoka maabara. Ndo kazi raia anayoiweza bila kuhatarisha roho yake. Baadaye akajiunga na Doe Network, watu wa kujitolea wanaolinganisha waliopotea na maiti zisizo na majina, wakiona zinafanana wanawapelekea polisi. BintiTanga kama una moyo huo anzia kusoma kazi zao.