Naomba ushauri: tableti ya kurahisisha kazi ya mizani

Karani_wa_Mizani: Waheshimiwa wanajukwaa, salaam. Mimi ni karani wa mizani katika ghala la mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Kila mzigo unaoingia naupima uzito, nachoma magunia kwa bambo ili kutoa sampuli, napima unyevu wa punje, kisha naandika yote daftarini. Jioni nahamia kwenye kompyuta ya ofisi kunakili yale yale katika faili la Excel, na mara nyingi natoka saa tatu za usiku, tena nikiwa na makosa, kwa maana sita iliyoandikwa kwa mkono wenye jasho hufanana na sifuri. Nataka kutumia tableti ili niandike mara moja tu, pale pale mizanini. Je, kioo cha inchi 11 kitanifaa, na kibodi ni ya lazima?

Mhesabuji_2024: Katika sensa ya Mei 2024 nilizunguka na tableti kijiji kwa kijiji, hivyo nasema ninayoyajua. Adui wa kwanza ni jua, kwani mchana kioo hugeuka cha kujitazamia uso; weka meza yako kivulini na uwe na betri ya akiba. Usijaze Excel ukiwa umesimama. Tengeneza fomu katika KoboToolbox, ambayo hupokea taarifa bila intaneti na kuzituma mtandao ukipatikana, na ambayo unaweza kuielekeza ikatae uzito usiowezekana kwa gunia moja. Kuna bibi aliyekataa kuhesabiwa mpaka mbuzi wake nao wahesabiwe, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Fundi_wa_Vioo: Inchi 11 ina mtego wake. Excel ya bure kwenye tableti hukuruhusu kuhariri mafaili ikiwa kioo hakizidi inchi 10.1, zaidi ya hapo unalipia. Tena, kama faili la ofisi lina makro, yaani amri zilizopangwa zijiendeshe zenyewe, hizo hazitafanya kazi kwenye tableti hata kidogo. Kwa nini umeing'ang'ania 11, na nani anayelipa?

Karani_wa_Mizani: Nashukuru sana. Makro zipo mbili, nitaziacha kwenye kompyuta. Na kuhusu kibodi?

Mzee_wa_Chai: Daftari langu lina miaka tisa na halijawahi kuomba chaji. Lilipoanguka ndani ya chai nililianika juu ya paa. Jaribu hivyo na tableti yako.

Bi_Ghala: Mwanangu, Fundi amekuuliza jambo nawe umeliruka kama dimbwi. Nani analipa?

Karani_wa_Mizani: Kwa kuwa mnasisitiza, nitasema. Msimamizi wangu nimemwomba mara mbili, akajibu kwamba daftari linatosha. Mfanyabiashara mmoja anayetuletea mahindi aliniona ninavyohangaika, akaninunulia ya inchi 11 kwa shilingi 900,000, nasi tumekubaliana nitamrudishia kidogo kidogo, ingawa hatukuandikiana. Sioni ubaya, kwa sababu chombo kitafanya kazi ya kampuni, na mimi ndiye nitakayekatwa mfukoni.

Mwalimu_Tororo: Kijana, anayepimiwa hamnunulii mpimaji kalamu, sembuse tableti. Usidhani kwamba Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inawahusu watumishi wa serikali peke yao; inawataja pia wafanyakazi wa kampuni binafsi wanaopokea manufaa yasiyostahili ili wakiuke wajibu wao. Mkopo usio na karatasi ni zawadi iliyovaa koti.

Karani_wa_Mizani: Mwalimu, mimi sijakiuka wajibu wowote. Ningekuwa na nia mbaya nisingekuja kuomba ushauri hapa.

Dereva_wa_Usiku: Mnamwonea kijana bure. Shida ya mpaka huu ni mahindi mabichi. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, nililala siku tatu ndani ya lori huku magunia yakipata joto nyuma yangu. Hakuna tableti ambayo ingenisaidia, ingawa kwa kweli ningepata cha kutazama.

Mtazamaji: Ndugu zangu, mbona hamshangai? Mtu anafika akiwa na inchi tayari, kisha anatupa bei, kisha anatupa tajiri mwenye huruma. Nadhani huyu anauza tableti, na hajawahi hata kuvuta vumbi la ghala. Kama ni karani kweli, atuambie kiwango cha mwisho cha unyevu na afanyeje mzigo ukizidi.

Mhesabuji_2024: Sasa nami naona haya, maana nimeandika aya nzima kwa ajili ya muuzaji wa tableti.

Bi_Ghala: Muuzaji asingejua bambo. Mwacheni ajibu.

Karani_wa_Mizani: Nimeumia kuitwa mwongo. Unyevu haupaswi kuzidi asilimia 13.5, na mzigo ukizidi unarudishwa au unaanikwa kwenye turubai kwa gharama ya mwenye mali, kisha unapimwa upya. Ninaujua utaratibu huo kwa sababu naufuata kila siku. Jumanne iliyopita mzigo wa tajiri huyo huyo ulisoma 14.1, na kwa kuwa jua lilikuwa kali na nilijua kwamba hadi jioni ungekuwa umeshuka wenyewe, niliandika 13.5 ili malori mengine yasichelewe. Je, muuzaji wa tableti angejua hayo?

Mtazamaji: Naondoa maneno yangu. Ni karani.

Fundi_wa_Vioo: Basi ujue kwamba fomu ya Kobo inaweza kuandika yenyewe tarehe na saa ya kila kipimo, na ukiiwekea swali la picha itadai picha ya kipimo chenyewe.

Bi_Ghala: Mwanangu, na tableti uliipokea siku gani?

Karani_wa_Mizani: Jumatano. Lakini bado imo ndani ya katoni, sijaifungua.