Mrejesho: binti aliyenenepa bila kurefuka

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kwa nini binti yangu wa miaka 9 ananenepa ilhali anakula sawa na kaka zake. Nilifuata ushauri wa kupima kimo kwanza, kwa kuwa mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida hurefuka vizuri, bali mwenye upungufu wa homoni hudumaa. Na kweli, sketi ya shule ya mwaka juzi bado inamfika magotini. Damu ilionyesha TSH (homoni inayoiamsha tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni) iko juu, yaani tezi hiyo imelegea na haitoi homoni yake ya kutosha, akaanzishiwa levothairoksini, dawa ya kujazia homoni hiyo, anayoimeza asubuhi kabla ya kula. Choo kigumu kimekwisha na kimo kimeanza kusogea, lakini uzito umepungua kidogo tu. Uliobaki daktari anauhusisha na urithi wa upande wa baba yake. Soda tumeiondoa nyumbani kwa wote, jambo ambalo kaka zake hawajalisamehe.