Naombeni ushauri: kamera ya filamu kwenye joto la Durban, nibebe au niiache?

Wakuu habari za mida hii. Mwezi wa kwanza nakwenda Durban kwa shemeji na nataka nibebe Hasselblad 500C/M yangu, ile ya zamani isiyotumia betri, roli ya filamu ya saizi ya 120 inatoa picha 12 tu basi imeisha. Sasa kule mwezi huo ni kiangazi chao, joto na unyevu kama Dar na mvua juu, halafu kwa shemeji kiyoyozi hakizimwi, yaani ukitoka nje tu lenzi inajaa ukungu. Nasikia unaiacha kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu, ila nusu saa inatosha kweli? Na fangasi ya kwenye lenzi mnaizuiaje, vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu vinasaidia au tunajidanganya?

Kinachonitisha zaidi ni airport. Zile skana mpya za CT, za eksirei kali ya kukagua mabegi, zinaharibu filamu, Kodak wenyewe wametahadharisha, na begi la kwenye buti la ndege ndo kabisa usithubutu. Waliopita airport ya Joburg au King Shaka ya Durban na filamu, ukiomba wakague kwa mkono wanakubali au wanakutolea macho tu?

Halafu roli. Nawaza filamu ya Portra 400 (namba kubwa inahitaji mwanga kidogo) kwa Victoria Street Market maana mle ndani mwanga hafifu, Ektar 100 kwa ufukweni Umhlanga pale kwenye mnara wa taa. Wife anasema simu inatosha, huyo msimsikilize. Na kusafisha filamu zitoke picha je, hukohuko au nirudi nazo?