Surua ukiugua mara moja basi, mbona minyoo inarudi?

mama_wawili: Habari zenu wapendwa. Wanangu walimezeshwa dawa ya minyoo shuleni mwaka jana, juzi nimempeleka mdogo kupima choo wamekuta mayai tena. Sasa hii kinga ya mwili inafanya kazi gani? Au mwanangu kinga yake iko chini?

mtu_wa_maabara: Dada ondoa hofu. Mnyoo sio kirusi kama cha surua, askaris (yule mnyoo mkubwa wa mviringo wa tumboni) jike anafika sentimita 20 na zaidi, hakuna seli nyeupe ya kummeza huyo, kwa hiyo mwili unapambana kumsukuma atoke. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli chache sana zinazomhisi mnyoo (kazi yao hii imejulikana 2016 tu), zikimgundua zinaita seli zingine za kinga, alafu utumbo unamwaga ute na maji mengi na misuli inajikaza haraka haraka ili akose pa kushika. Eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) nazo zinapanda, tunaziona kwenye kipimo cha damu, hasa wakati vitoto vya askaris vinapita kwenye mapafu.

wa_pemba: Naongezea kidogo. Mnyoo nae hakai kizembe, anatoa kemikali za kuituliza kinga, na mwili wenyewe unapunguza makali maana ukipigana kila siku utaumiza utumbo. Ndo maana mtu anakaa nayo miaka hajijui. Huku Pemba watoto wanamezeshwa dawa mashuleni tangu miaka ya 90 na bado minyoo ipo, kwasababu dawa inaua waliomo tumboni tu, mayai yaliyoko kwenye udongo yanasubiri, na askaris jike mmoja anataga kama laki mbili kwa siku!! Vyoo na maji ya kunawa jamani, tusiwaachie vidonge kazi yote.

mama_wawili: Asanteni sana. Kwa hiyo nimnunulie dawa za kuongeza kinga? Cheti kimeandikwa Trichuris.

mtu_wa_maabara: Hapana hiyo hela mnunulie mayai na dagaa, mtoto akila vizuri kinga inapata nguvu. Trichuris ndo mnyoo mjeledi, yai lake kwenye darubini lina umbo la pipa na vizibo huku na huku. Huyu ni msumbufu, anachimbia kichwa ndani ya ukuta wa utumbo, kwa hiyo kusukumwa na ute peke yake hatoki kirahisi, na albendazole (dawa ya minyoo) ya kidonge kimoja mara nyingi haimmalizi. Rudi na cheti kwa daktari, kawaida anapangiwa dozi ya siku tatu.