Tupeane uzoefu: kubadili sensa ya oksijeni kwenye gari iliyochezewa

Wakuu, kwema? Nina Impreza WRX, turbo imebadilishwa, eksosi pana, masega (yale ya kusafisha moshi kwenye eksosi) hayapo, nilinunua gari yakiwa yameshatolewa. Taa ya injini inawaka na gari inabwia mafuta si mchezo. Fundi kasema sensa ya mbele. Kabla sijaenda kumwaga hela kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, waliobadili kwenye gari za namna hii ilikuwaje?

DadaTurbo: Kwangu sensa ilisingiziwa. Gasketi ya bomba linalotoka kwenye turbo ilikuwa imeungua, hewa ya nje inapenya kabla ya sensa, sensa inaona oksijeni nyingi, kontroo boksi (kompyuta ya injini) inadhani mafuta ni kidogo na inaongeza. Asubuhi gari ikiwa ya baridi, washa, mtu azibe mdomo wa eksosi kwa tambara nene, wewe sikiliza huku mbele. Ukisikia "tsi tsi tsi", panavuja, acha pochi mfukoni kwanza.

FundiWaUsiku: Dada kasema kweli. Ila kama ni sensa kweli, kazi ipo kwenye kuifungua. Hiyo kitu huganda. Pulizia dawa ya kutu jioni, kesho washa injini eksosi ipate moto kiasi, zima, vaa glavu, tumia spana ya 22 yenye mpasuko ubavuni ili waya upite. Ikizunguka kidogo halafu ikakaza, rudisha, pulizia tena, nenda rudi. Ukilazimisha inatoka na uzi, hapo utatafuta tapu (kifaa cha kuchonga uzi upya) ya M18 kwa 1.5, na si kila gereji inayo.

Ikitoka, usiitupe, itazame kichwa. Masizi makavu meusi, injini inapewa mafuta kupita kiasi. Utandu mweupe, mara nyingi kuna mtu alipaka silikoni isiyofaa, au maji ya rejeta yanaingia kwenye moto. Ikiwa na oili, kaangalie turbo. Ukifunga mpya bila kutibu hayo, nayo utaizika. Grisi ya shaba iguse uzi tu, na mpya nyingi zinakuja zimeshapakwa.

Bandari_Boost: Salamu kutoka Mombasa. Mimi niliwekewa mbele sensa ya aina ya nyuma. Uzi ni ule ule, ikaingia vizuri tu, soketi ikakataa, jamaa akakata waya akaunga kwa risasi. Ile ya mbele kwenye WRX za miaka hii inapima mchanganyiko kwa upana, ya nyuma inajua mafuta yamezidi au yamepungua, basi. Gari ikawa inakohoa kila ukiachia mafuta. Halafu sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya, kwa hiyo ukiunga kwa risasi unaiziba pumzi. Nunua yenye soketi yake.

mzee_wa_dyno: Na kama umeweka ya Bosch LSU 4.9, sensa ya kupima kwa upana, kwa ajili ya geji ya mchanganyiko, iinamishe, maji yasituame ndani. Usiiache kwenye eksosi bila umeme injini ikiwa inafanya kazi, hita yake ya ndani isipowaka sensa inajaa masizi na kufa.

Mwenye mada: Tambara limefanya kazi. Inavuja pale pale kwenye flanji ya turbo, bomba linapofungwa. Dada, gasketi ulichukua ya aina gani?

DadaTurbo: Ya chuma, ya matabaka. Na ubadili na nati zake, za zamani zitakatika tu.