Naomba ushauri: nampeleka bi mkubwa North York Moors mwezi wa nane, hatuna gari

BintiLushoto:
Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie mawazo, hasa mlioko kaskazini mwa Uingereza.

Mama yangu anakuja Leeds kutoka Lushoto, nitakuwa naye Agosti yote. Alishawahi kuja, tukamzungusha madukani na kwenye majengo ya mji, aliporudi akawaambia majirani kwamba Ulaya ni lami na vioo. Safari hii kasema wazi hataki mji, anataka kuona wanakolima na wanakofuga. Sasa kazini kwangu kuna bibi mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa huko, kanionyesha picha za North York Moors: vilima vitupu visivyo na miti, vimefunikwa maua ya zambarau mpaka jicho linapoishia. Maua yenyewe yanaitwa heather. Nikamtumia mama kwa WhatsApp, akajibu neno moja tu, "hapohapo".

Sasa mambo yanayonikwamisha. Gari sina, leseni yangu ni ya nyumbani na ile miezi 12 ya kuitumia huku imeshapita. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, ingawa tambarare anatembea bila shida. Kwenye chakula ni Mwislamu asiye na utani. Na nina mtoto wa miaka sita ambaye hawezi kukaa kimya.

Twende tarehe zipi? Tunafikaje? Ile ardhi ni ya nani, tusije tukafukuzwa na mwenye shamba na mbwa wake? Na hili naliuliza kwa aibu kidogo: huko vijijini sisi weusi tunatazamwaje? Mama anavaa ushungi na khanga, na hatabadilika kwa ajili ya mtu.

MzeeWaNgamiani:
Yaani mtu ana Irente na msitu wa Magamba mlangoni, umpandishe ndege aje kuangalia vilima? Mpeleke London akapige picha na daraja, binti. Vilima anavyo.

Mgumu_wa_Kibosho:
Mzee wa Ngamiani, hujaulizwa hilo. Ila umenichekesha, maana mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya hizo North York Moors ni mita 454. Bi mkubwa atakuwa anashuka.

Mimi nilibeba mizigo Kilimanjaro kabla ya kuja Sheffield. Ukipanda kwa njia ya Marangu, ukishaupita msitu pale juu ya kambi ya Mandara unaingia ukanda wa vichaka vya familia hiyohiyo ya heather, tofauti ni kwamba kule vingine vinakuzidi kimo na hapa vinaishia magotini. Hali ya hewa nayo ina tabia zile zile: saa nne jua, saa tano ukungu, saa sita mvua ya ubavuni. Usidanganywe na ule urefu mdogo. Upepo unatoka Bahari ya Kaskazini moja kwa moja na hakuna mti wa kuukinga. Hata Agosti mama awe na sweta, koti la mvua na kitu cha kufunika masikio.

Mtu atakuja hapa kukwambia uende Edale, kijiji kwenye vilima vingine vya Peak District, kwa sababu treni inafika mpaka mlangoni. Ni kweli inafika. Lakini ukitoka stesheni unapanda, na kurudi unateremka kwenye mawe. Kwa magoti hayo, hapana.

Dada_wa_Malton:
Mimi naishi karibu na huko, ngoja nijibu kwa mpangilio wangu.

Tarehe: heather nyingi huchanua kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzoni mwa Septemba. Zipo aina zinazotangulia Julai, lakini zile zinazogeuza kilima kizima ni za Agosti. Ningekuwa wewe ningeenda wiki ya tatu au ya nne, katikati ya wiki. Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu, siku hiyo Waingereza wote na mbwa wao wako barabarani.

Usafiri: kuna basi namba 840, linatoka Leeds kupitia York, Malton na Pickering hadi Whitby pwani. Kutoka Leeds lenyewe ni safari ndefu mno kwa mtoto wa miaka sita. Panda treni ya kwenda Scarborough ushuke Malton, halafu 840 ulichukulie hapo. Nauli ya basi kwa sasa haizidi pauni 3 kwa safari moja. Kaeni ghorofa ya juu, upande wa kushoto, viti vya mbele mkivipata. Mkishaiacha Pickering barabara inapanda, mashamba yanakwisha, mnatokea juu kwenye nyika yenyewe. Hapo kushoto ndipo penye Hole of Horcum, bonde la duara lenye kina cha mita 120 hivi na upana wa zaidi ya kilomita moja, kama jitu lilichota udongo kwa mkono. Na wenyeji ndivyo wanavyosimulia: jitu Wade aligombana na mkewe, akachota tonge la udongo amrushie, akamkosa, lile tonge likawa kilima kingine huko mbele. Ukweli ni chemchemi zilizokula mwamba kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, lakini mtoto msimulie ya Wade.

Mbele kidogo upande wa kulia mtaona piramidi kubwa la kijivu limesimama peke yake. Mama atauliza. Ni rada ya jeshi ya kutazama makombora, Fylingdales. Ipo hapo tangu 1963, hilo piramidi lilikuja baadaye.

Shukeni Goathland. Ni kijiji ambacho kondoo wanajilisha katikati ya nyumba bila kufungwa. Nyika inaanzia pale nyumba zinapoishia, hamna haja ya kupanda mlima wowote kuyafikia maua. Watu watakushauri mshuke kwa miguu hadi kijiji cha Grosmont kwa njia ya zamani ya reli, watasema "ni mteremko tu". Mwenye magoti mabovu anajua mteremko ndio unaoua. Na yale maporomoko ya Mallyan Spout mwachie kijana, mwishoni njia ni mawe yenye utelezi.

BintiLushoto:
Dada wa Malton, Mungu akubariki. Na ile treni ya mvuke ninayoiona kwenye matangazo, inayotoka Pickering? Mwanangu akiikosa sitalala.

Dada_wa_Malton:
Ipandeni, lakini kwa sababu yake, msiipande kwa sababu ya maua. Hili watu wengi hawaambiwi. Reli ile inapita chini, ndani ya bonde la Newtondale, penye miti kushoto na kulia. Heather iko juu. Unaweza kutoka Pickering mpaka Grosmont umefurahia injini na moshi na nyika yenyewe umeiona vipande vipande tu. Basi linapita juu, treni inapita chini. Kwa hiyo nendeni na basi hadi Goathland, mzunguke, halafu mchukue treni kipande kifupi cha Goathland hadi Grosmont na kurudi. Tiketi ya njia nzima si rahisi, na kipande hicho kinamtosha mtoto.

Angalizo: kukiwa na ukame huwa wanaziweka kando injini za mvuke na kuvuta mabehewa kwa dizeli, kwa sababu cheche huchoma nyika. Si woga wa bure. Agosti 2025 moto uliwaka Langdale, huko huko ndani ya hifadhi ya taifa ya North York Moors, ukachukua wiki nyingi kuuzima, maana chini ya vichaka kuna udongo wa mboji unaofuka moshi bila kuonekana. Kwa hiyo msiwashe chochote, hata kale kajiko ka mkaa ka kutumia mara moja wanakouza madukani.

BiMwanaharusi:
Assalaam alaykum mwanangu. Mie nipo Bradford, na hilo la chakula nna neno nalo.

Mkifika Whitby kila mtu atakwambieni mle samaki na chipsi. Samaki ni halali, sawa. Lakini Yorkshire wengi wanakaangia mafuta ya ng'ombe, ndo ada yao, na wanajivunia. Hayo mafuta hayajachinjwa kwa bismillahi. Kuna maduka yanayotumia mafuta ya mimea, basi uliza kabla hujatoa pesa, tena uliza na unga wao, maana wengine hutia bia ndani. Mie huwa nachukua chapati zangu na samaki wa kupaka kwenye chombo, na chupa ya chai ya tangawizi. Mama yako akikaa juu ya kilima na chai yake hatouliza mkahawa.

Sala haina tabu. Chupa ya maji ya kutilia udhu, mkeka, kibla ni kusini-mashariki. Nishasali mbele ya kondoo na wapita njia, hapana aliyenisemesha vibaya. Tena mnunulie asali. Wafugaji wanapeleka mizinga kwenye nyika wakati wa maua, na asali yake ni nzito, haimiminiki ovyo. Watu wa Usambara wanaijua asali, atakwambia mwenyewe ipi kali.

Otieno_Teesside:
Hamjambo. Niko Middlesbrough, acha nijibu ile ya ardhi na ile ya rangi.

Ardhi: hifadhi ilitangazwa 1952, lakini haimaanishi ni mali ya serikali vile sisi tumezoea na Tsavo au Serengeti. Sehemu kubwa ni ya watu binafsi, na kuna vijiji na mashamba ndani yake. Lakini sheria ya mwaka 2000 inampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu kwenye nyika iliyo wazi, hata ukitoka nje ya njia. Tafuta alama ya duara la kahawia lenye mtu anayetembea, ukiiona jua umeruhusiwa. Kwenye mashamba yenye uzio na kuta za mawe ndio ufuate njia pekee, na geti uliache ulivyolikuta. Kuanzia tarehe 12 Agosti ni msimu wa kuwinda ndege wanaoitwa grouse. Mkisikia bunduki mbali msishtuke, na mkiona tangazo la kufunga njia geukeni.

Kwa hiyo mathe akiuliza nani anapalilia hayo maua yote, jibu ni hao wawindaji na kondoo. Zamani kulikuwa na misitu. Watu walianza kuikata maelfu ya miaka iliyopita, na tangu hapo malisho na kuchoma vichaka kwa zamu ndiyo yanazuia miti isirudi. Wanachoma ili yachipue majani mabichi, chakula cha grouse. Kuna ubishi mkubwa juu ya huo uchomaji, wengine wanasema unaharibu mboji na kuleta mafuriko mabondeni. Mimi niko upande wa hao wengine, lakini si uzi wa leo.

Na kwa vile anataka kuona ufugaji: wale kondoo hawana mchungaji nyuma yao wala uzio. Kila kundi linajua kipande chake cha nyika, na mwana-kondoo anakijua kwa kumfuata mamake. Mkulima akiuza shamba, mara nyingi kondoo wanauzwa pamoja nalo.

Sasa ya rangi. Nisikudanganye, mtatazamwa. Weusi ni wachache huko, na khanga haijifichi. Lakini mimi hutazamwa mara moja, kisha mtu anasalimia, anasema jambo kuhusu mvua, anaendelea na mbwa wake. Mjini Middlesbrough mtu hanisalimii. Kama mathe ni mtu wa salamu atafurahi kuliko wewe.

MzeeWaNgamiani:
Haya, kondoo wasio na mchungaji hilo jipya. Apigwe picha nao basi.

Mgumu_wa_Kibosho:
Nyongeza ndogo za usalama. Kupe wapo, suruali ya mtoto iingizwe ndani ya soksi na jioni mkague miguu na nyuma ya magoti. Mkimkuta, mng'oeni taratibu kwa kibano, na kama baadaye ngozi inafanya duara jekundu linalopanuka, nendeni kwa daktari. Kuna nyoka mdogo anayependa kuota jua kwenye vichaka, ana sumu lakini hukimbia, basi mtoto asitie mkono asipopaona.

Ukungu ukiwakuta rudini mlikotoka. Mtandao wa simu unakatika katika, kwa hiyo picha ya ratiba ya basi iwe ndani ya simu tayari. Mkipatwa na jambo juu huko pigeni 999, ombeni polisi, kisha waambieni mnahitaji waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi kitu.

BintiLushoto:
Nimesoma yote, na kwa mama nimeshasoma kwa simu. Tunaenda Jumatano ya wiki ya tatu. Treni hadi Malton, 840 hadi Goathland, treni ya mvuke kipande, Whitby tunaiacha kwa sababu ngazi 199 za kwenda kwenye yale magofu ya abasia sizitaki kabisa na magoti yale. Chapati nitapika usiku.

Swali la mwisho: mama anauliza kama anaweza kuchuma tawi moja la hayo maua akapande Lushoto.

Dada_wa_Malton:
Hapana! Hifadhini haling'olewi kitu, na uwanja wa ndege watalichukua. Mwambie anunue asali. Na hakikisha unajua saa ya basi la mwisho kutoka Goathland kabla hamjakaa kula, maana teksi ya kuwarudisha Malton ni pesa ndefu.

BiMwanaharusi:
Na asali aitie kwenye begi la chini, si la mkononi. Wanaweza kumnyang'anya.